Jina Kwenye Mstari

Meneja aliigeuza skrini polepole, kama daktari anayemwonyesha mgonjwa picha ya mfupa wake mwenyewe, akaweka ncha ya kalamu kwenye mstari wa mia mbili na tatu.

"Soma hapo, Shemeji."

Ofisi nzima ilimwita Shemeji. Mumewe ndiye aliyetangulia kuajiriwa pale, yeye akafuata, na tangu siku ile ya kwanza hakuna aliyejisumbua kumtafutia jina jingine. Sasa mume alikuwa na mwaka na miezi miwili kaburini, na ushemeji umebaki ofisini kama koti lililosahauliwa nyuma ya mlango.

Akasoma. Mstari ulikuwa mfupi: jina la dawa ya degedege, uzito wa mtoto chini ya kilo tatu, na kipimo cha kila kilo. Kipimo kilisema tano.

"Inatakiwa iwe nukta tano," alisema. "Nusu. Siyo tano."

"Hata mimi nimeambiwa hivyo. Nimeambiwa jana na mganga mkuu wa hospitali, kwa maneno ambayo siwezi kuyarudia mbele yako." Meneja alishusha pumzi. "Kichanga cha siku nane. Muuguzi aliona dozi kubwa, akamuuliza daktari, daktari akasema kompyuta imeshapiga hesabu. Wakampa. Siku mbili mtoto hakunyonya, hakulia, akipumua kwa mashine."

"Yuko hai?"

"Yuko hai. Ameanza kulia jana asubuhi." Kalamu ikahama, ikagusa pembeni mwa mstari. "Sasa soma na hapa."

Pembeni palikuwa na jina lake. Majina yote matatu, kama kwenye cheti cha kuzaliwa, na tarehe.

Kazi yote ya kampuni ile ilikaa katika ghala moja la pamoja ndani ya kompyuta kuu. Waandishi tisa wa programu walichota humo na kurudisha humo, na ghala halikusahau kitu: kila mstari ulibeba jina la mtu wa mwisho kuugusa. Shemeji aliitazama tarehe, akaelewa, nusura acheke kwa nafuu.

"Bosi, hii ni ile siku niliyosawazisha mistari. Kompyuta za aina moja zinamaliza mstari kwa alama moja isiyoonekana, nyingine zinamaliza kwa mbili. Tulikuwa tunagombana kila wiki. Nikaliongeza agizo kwenye faili la mipangilio ya ghala, kwamba kila faili limalize mistari yake kwa namna moja. Mistari elfu kumi na moja ikabadilika mwisho wake siku hiyo hiyo, yote ikachukua jina langu. Sikugusa namba. Niliondoa alama tu."

Meneja alimsikiliza kwa subira ya mtu anayengoja mvua ipite.

"Alama isiyoonekana," alisema.

"Ndiyo."

"Nikamwambie hivyo mama wa mtoto?" Aliirudisha skrini upande wake. "Mimi ninachokiona ni jina. Ijumaa saa nne uniletee maelezo ya maandishi. Mpaka hapo nimeagiza ufungiwe ghala. Ni utaratibu tu, usichukulie vibaya."

Shemeji alitoka kwenda kunawa uso. Aliporudi, kadi yake haikufungua mlango. Aliipitisha mara tatu, ya nne akaifuta kwenye sketi kwanza. Mlinzi, mzee ambaye kila asubuhi humuuliza habari za binti yake, alikuja na daftari la wageni akiwa ameliinamisha kidogo ili wengine wasilione.

"Kadi imekufa, Shemeji. Niandikie tu hapa. Jina, saa, na unamwona nani."

Aliandika jina. Aliandika saa. Kwenye nafasi ya tatu kalamu ilisimama.

"Weka 'kikazi' tu," mzee alinong'ona.

Kulikuwa na watu sita chumbani alipoingia kuchukua sweta na kikombe chake. Wote walikuwa wakitazama skrini zao kwa bidii ambayo hakuwahi kuiona tangu aajiriwe.

*

"Umerudi na jua," alisema mama mkwe wake. Alikuwa amekaa kwenye kochi akikunja nguo, zile za mjukuu upande huu, za mkwewe upande ule. Alikuja kwa ajili ya mazishi, na begi moja, na hakuna aliyewahi kumuuliza anaondoka lini. Nyumba ilikuwa na vyumba viwili na sebule, na watu watatu walitosha humo bila kubanana, isipokuwa saa za jioni, ambapo wote watatu walikwepa kile kiti cha marehemu, karibu na dirisha.

"Kazi imepungua leo, mama."

"Wamemtaja?"

Swali hilo lilikuwa la kila siku. Kwa kawaida Shemeji humletea kitu: leo fulani amekumbuka alivyokuwa akicheka, leo tumekuta maandishi yake mahali. Mara nyingine ilikuwa kweli. Mara nyingine aliitunga njiani, akiteremka ngazi za kituo.

"Leo hapakuwa na nafasi."

Mama mkwe alinyoosha mkono bila kuinuka, akasawazisha kitambaa cha kufuma kilichofunika laptopu ya marehemu juu ya kabati. Hakuruhusu mtu aiguse. Aliipangusa vumbi kila Jumamosi, kifuniko na pembe zake, kwa kitambaa chenye unyevu kidogo, kama mtu anavyompangusa mtoto mdomo.

Binti alirudi shuleni saa kumi, akasimama mlangoni na begi mgongoni, akamtazama mama yake kuanzia kichwani hadi mezani.

"Mama, umefukuzwa?"

"Nani kakwambia maneno hayo?"

"Umerudi na kikombe."

Alikuwa na miaka kumi. Bibi yake alikohoa, akamwambia akavue viatu.

*

Jumatano alasiri mlango uligongwa na msichana wa dawati la pili, ambaye ofisini walimwita Miwani kwa sababu alikuwa nayo miwili, mmoja machoni na mwingine kichwani, na kila siku aliutafuta mmojawapo. Alikuwa amepanda ngazi mbio.

"Dada, umeokoka!" alisema kabla hajakaa. "Nimeliambia ghala lipuuze zile alama za mwisho wa mistari, lirudi nyuma zaidi. Ile siku yako yote imepukutika kama vumbi. Chini yake ndipo lilipo jina la aliyeandika tano."

"Ni nani?"

Miwani aliivua miwani, akaipangusa. Furaha iliyompandisha ngazi sasa ilikuwa haijui ikae wapi.

"Ni kaka," alisema. "Siku kumi na saba kabla hajatuacha."

Mama mkwe alikuwa amefika katikati ya sebule na sinia la chai. Hakulidondosha. Alilishusha mezani, akapanga vikombe vitatu, vishikio vyote vikielekea upande mmoja, ndipo akauliza.

"Mwanangu kafanya nini?"

"Hapana, mama, siyo kwamba kafanya... Ni kompyuta tu, mama. Ni namba."

"Namba ya nini?"

Simu ya Shemeji ikaita. Sauti ya meneja ilikuwa kubwa kiasi kwamba wote walisikia.

"Shemeji! Mambo yamenyooka. Huyu binti amefanya kazi nzuri sana. Sasa sikiliza, marehemu haitwi kwenye kikao, wala haandikiwi onyo. Barua nimeiandaa mwenyewe, aya mbili tu: mstari uliandikwa na marehemu alipokuwa mgonjwa, tumeusahihisha, suala limefungwa. Unasaini Ijumaa kama shahidi wa kazi yake, Jumatatu uko mezani kwako. Umenisikia?"

"Nimekusikia, bosi."

"Mbona kama hufurahi?"

"Nimefurahi."

Miwani alikunywa chai yake ikiwa bado moto mno, akaaga. Mama mkwe aliviosha vikombe, akavisuuza, kisha akaviosha tena.

"Alikuwa anaumwa," alisema akiwa ameipa sebule mgongo. "Mtu anaumwa vile, wanampa kazi ya watoto wachanga?"

"Hawakujua kama anaumwa kiasi kile. Alitaka wasijue."

"Na wewe?"

"Mimi nilijua, mama."

Mama mkwe alifunga bomba. Matone machache yaliendelea kudondoka ndani ya sinki, na wote wawili wakayangoja yaishe.

*

Alhamisi, binti akiwa shuleni na bibi yake ameenda dukani, Shemeji aliondoa kitambaa cha kufuma.

Kompyuta ya kila mwandishi ilikuwa na nakala nzima ya ghala, na historia yake yote, hivyo hakuhitaji ruhusa ya ofisi. Ghala la humu lilikuwa limesimama siku ambayo mwenyewe aliifunga laptopu kwa mara ya mwisho. Alilifungua faili la mipangilio. Lilikuwa fupi wakati ule, mistari minne. Wa tatu ulikuwa wa mumewe, ukiliamuru ghala lisionyeshe tofauti zozote katika jedwali la dawa. Laptopu hii ya zamani ilikuwa ya zile za alama mbili. Akigusa namba moja tu, skrini za wenzake zilijaa mistari mia nne iliyobadilika mwisho wake. Akachoka kulalamikiwa, akalificha jedwali. Na juu ya agizo hilo aliandika maneno ya kumjulisha atakayepita:

*Faili hili lina kelele kuliko shemeji yenu. Msilifungue.*

Shemeji alikuwa ameyasoma maneno hayo mara nyingi. Siku ile ya kusawazisha mistari, miezi miwili baada ya mazishi, sababu ya kulificha jedwali iliisha. Agizo lilipaswa kufutwa papo hapo. Alifika kwenye mstari ule, akacheka peke yake mezani, kisha akalia peke yake chooni, na aliporudi akauruka. Mwaka mzima baada ya hapo jedwali la dawa lilikuwa likibadilishwa bila mtu kuona kinachobadilika, kwa sababu mke alishindwa kufuta mzaha.

Sasa aliufuta, humu ndani ya laptopu tu, akaliambia ghala lipuuze alama za mwisho. Lile badiliko la siku kumi na saba kabla ya kifo likafunguka mbele yake, mistari ya kijani kutoka juu hadi chini. Aliihesabu. Arobaini na mmoja.

Juu yake kulikuwa na maelezo ya aliyehifadhi: *Nimeweka vipimo vya watoto wachanga kama daktari alivyoagiza kwenye karatasi.*

Aliyasoma mara mbili.

Mumewe hakuwahi kuandika sentensi nzima kwenye ghala maisha yake yote. Yeye angeandika *vipimo*. Siku ya kujipendekeza angeandika *vipimo vipya*. Mtu aliyezoea kuandika "nimeweka", aliyefundishwa shuleni kwamba sentensi ina mwanzo na mwisho, alikuwa mmoja tu nyumba hii.

Basi chumba cha mchana ule kikamrudia. Saa tisa alasiri, pazia limefungwa nusu, jua likifika hadi miguuni pa kitanda. Mumewe amelalia ubavu wa kushoto, karatasi ya daktari ikiwa kifuani. Macho yalikuwa yakimcheza, herufi za skrini zikimkimbia. Alisema, "Nisaidie, mke wangu. Mimi nisome, wewe uandike, tumalize kabla hawajauliza." Laptopu ilikuwa mapajani mwa Shemeji. Laptopu ni ya mume, na kila kilichohifadhiwa humo kilitoka na jina la mume. Siku hizo mume alikuwa ameacha kusema sifuri. Alisema nukta tu, kuokoa pumzi. Nukta mbili. Nukta saba. Nukta tano.

Au tano.

*

Mama mkwe alimkuta hivyo, laptopu wazi, kitambaa sakafuni. Aliweka mfuko wa unga mezani.

"Nani kakuruhusu?"

"Mama, siku ile ulikuwepo. Mchana ule alipokuwa akinisomea namba. Ulikuwa umekaa miguuni, unamkanda."

"Nilikuwepo."

"Kwenye dawa ya degedege, alisema nukta? Jaribu kukumbuka. Alisema nukta tano, au alisema tano?"

Mama mkwe alikuwa mwanamke mrefu, na alipokaa ilikuwa kama anakunjwa vipande vipande.

"Mwanangu," alisema, "mimi sikuwa nasikiliza namba. Nilikuwa nasikiliza pumzi."

Shemeji aliinamisha kichwa.

"Kwa hiyo aliyeandika ni wewe," mama mkwe alisema. "Siyo yeye."

"Jina ni lake. Vidole ni vyangu. Labda yeye alisema vibaya, labda mimi nilisikia vibaya. Nimekaa hapa tangu asubuhi nikimsikiliza. Namba zote nazisikia. Hiyo siisikii."

"Na wao wanajua?"

"Hawajui. Hakuna anayeweza kujua. Ghala linaonyesha jina lake."

Gari lilipita nje, vioo vya kabati vikatetemeka. Mama mkwe alianza kuufungua mfuko wa unga, akaacha.

"Basi mwache abebe yeye," alisema. Alikuwa akizungumza na mfuko. "Yeye hadaiwi kodi ya nyumba. Hana mtoto wa kumpeleka shule kesho. Ukiwaambia ni wewe, tunakula nini? Mwandike yeye. Mimi ndiye niliyemzaa, mimi nakupa ruhusa." Aliukunja tena mdomo wa mfuko. "Alikuwa mtu wa kukupenda. Angekupa ruhusa mwenyewe."

"Angenipa."

"Sasa?"

"Mama, mistari ni arobaini na mmoja. Wamesahihisha mmoja. Nikisaini barua ile, suala limefungwa, na hakuna atakayeisoma ile arobaini mingine. Yote niliandika mchana ule ule, kwa masikio haya haya."

"Yote ya watoto?"

"Wachanga. Wa chini ya kilo tatu."

Mama mkwe aliokota kitambaa, akakikung'uta, akaifunga laptopu na kuifunika. Kitambaa kilikaa upande. Ilikuwa mara ya kwanza kukiacha hivyo.

*

Ijumaa mlinzi alikuwa na daftari tayari. Kwenye nafasi ya "unamwona nani" Shemeji aliandika *meneja*, kwa herufi kubwa.

Barua ilikuwa mezani, na kalamu juu yake, kofia ya kalamu imeshafunguliwa.

"Hapo chini," meneja alisema. "Tarehe nimeshaweka."

"Bosi, siku ile aliyeandika ni mimi. Alikuwa kitandani, hawezi kuona skrini. Alisoma, nikaandika kwenye laptopu yake."

Meneja alifumba macho. "Shemeji. Mimi nimekuuliza?"

"Hujauliza."

"Ghala linasema marehemu. Nani alikuomba habari za vidole? Nimekutengenezea njia, nimeifagia, wewe unaitupia mawe mwenyewe. Una mtoto!"

"Kuna mistari mingine arobaini."

"Mingine gani?"

Alimweleza. Alieleza polepole, bila maneno ya kazi, jinsi mume alivyoacha kusema sifuri, na ule mstari wa mipangilio uliokuwa ukilificha jedwali, na kwa nini hakuufuta. Aliona haya kuusema mzaha wenyewe kwa sauti, akausema. Meneja hakucheka.

"Kwa hiyo hata aliyepaswa kuikagua kazi..." meneja alianza. Alivuta kompyuta yake, akaandika kidogo, akatafuta. Shemeji alijua anachokitafuta, kwa sababu jana alikiona. Hakuna badiliko lililoingia ghalani bila mtu wa pili kulikubali, na badiliko lile lilikubaliwa saa tisa na dakika arobaini na nane, dakika sita baada ya kutumwa, na meneja mwenyewe.

"Skrini iliniandikia 'tofauti hazionyeshwi'," meneja alisema. "Nilidhani ni kawaida yake. Nikabonyeza."

"Ningebonyeza hata mimi. Sikuja kukutisha, bosi."

"Umekuja kufanya nini?"

"Isomwe."

Meneja alikaa akiitazama barua yake ya aya mbili. Kisha aliifunika kalamu kofia, akafungua mlango, akamwita Miwani.

Shemeji hakuruhusiwa kugusa kompyuta. Waligawana: Miwani akasoma kwenye skrini, Shemeji akafuatilia kwenye kitabu cha dawa kilicholetwa na hospitali kwa mkono. Meneja alisimama dirishani. Kabla ya kuanza, Miwani alilifungua faili la mipangilio, akageuka.

"Dada, niufute? Kuna maneno yake juu."

"Ufute na maneno."

Wakaanza. Mstari wa kwanza, sawa. Wa pili, sawa. Sauti ya Miwani ilikuwa safi, isiyochoka, kila sifuri akiitamka, na Shemeji aliona kila "sifuri" ikimgonga kifuani kama mtu anayebisha hodi kwenye nyumba iliyohamwa. Walifika ishirini. Wakafika ishirini na nane. Meneja alianza kupumua kama kawaida, akatazama saa.

"Ishirini na tisa," Miwani alisema. "Dawa ya moyo. Nane."

"Nane ngapi?" meneja aliuliza.

"Nane tu. Imeandikwa nane."

Shemeji alikuwa ameweka kidole kwenye kitabu. Alikiinua ili wengine waone. Kitabu kilisema 0.8.

Meneja alikuwa ameshashika simu. Alipiga hospitali ya kwanza, ya pili, ya tatu, akiuliza swali lile lile kwa sauti iliyozidi kuwa ndogo. Ya kwanza hawakuwa na dawa hiyo. Ya pili haikuwahi kuitumia kwa vichanga. Ya tatu walimwambia angoje. Alingoja akiwa amesimama, mkono mmoja juu ya kichwa. Mfamasia alirudi na kusema imewasili Jumatatu, boksi bado halijafunguliwa, kwani kuna nini?

Meneja alijibu, kisha akakaa kwenye kiti cha wageni.

Mistari kumi na miwili iliyobaki ilikuwa sawa. Waliisoma yote, hadi wa mwisho, ingawa Miwani alikuwa akilia na kuipangusa miwani iliyokuwa kichwani badala ya ile ya machoni.

*

Ripoti iliyokwenda hospitalini ilikuwa na majina matatu. La meneja lilikuwa la tatu, nalo akalieleza kwa maneno "hitilafu ya ukaguzi". Yeye alipewa onyo. Shemeji aliachishwa kazi kwa barua ya mistari minne iliyomshukuru kwa uaminifu wake. Aliomba aruhusiwe kwenda kumwona yule mtoto na mama yake. Aliambiwa na kampuni kwamba haishauriwi. Miwani ndiye aliyemletea habari kwamba mtoto alitoka wodini siku ya kumi na moja tangu apewe ile dawa, ananyonya, na kwamba masikio yatapimwa tena akifikisha miezi sita, kwa uhakika tu.

"Umemwandika?" mama mkwe aliuliza siku ile ya Ijumaa, mlangoni.

"Tumeandikwa wote wawili."

Mama mkwe aliingia chumbani kwake, na kwa siku mbili alizungumza na mjukuu peke yake. Chakula alikipakua, sahani ya mkwewe akaiweka mezani, akaifunika, akaondoka. Binti alipeleka maneno huku na huku kama tarishi: bibi anauliza chumvi iko wapi, mama anasema iko nyuma ya majani ya chai.

Jumapili mchana binti alikwenda kucheza kwa jirani. Mama mkwe alitoka chumbani, akakaa kwenye kochi, kisha akasogea kidogo, na Shemeji akaelewa kwamba nafasi ile ni yake. Walikaa bega kwa bega wakiutazama ukuta.

"Alikosea yeye, au ulikosea wewe," mama mkwe alisema.

"Ndiyo, mama."

"Mara mbili."

"Mara mbili."

"Ni mmoja kati yenu."

"Ndiyo."

Mama mkwe alimshika mkono, akaugeuza, akaviangalia vidole kimoja kimoja, kama mtu anayetafuta doa. Kisha akaurudisha pajani pa mwenyewe.

"Usinitafutie ni nani," alisema.

Hakumtafutia. Wiki ya tano alipata kazi ya kufundisha kompyuta katika chuo cha jioni, watu wazima kumi na wanne waliokuwa wakiogopa kubonyeza, na mshahara ulitosha kodi na ada, kwa kubana. Mama mkwe hakuuliza tena kama wamemtaja.

Lakini mchana, nyumba ikiwa tupu na jua likifika miguuni pa kitanda, Shemeji hukaa ukingoni, upande ule ule, mikono mapajani, na sauti huanza kusoma. Husoma taratibu, kwa upendo, kuanzia mstari wa kwanza. Nukta mbili. Nukta saba. Kila namba humfikia wazi kama iliyosemwa sikioni. Kisha sauti hufika kwenye dawa ya degedege, nayo Shemeji huinama mbele, huzuia hata kupumua, na hapo mumewe hunyamaza, huvuta pumzi ndefu, akaitoa, akaendelea na mstari unaofuata.